Pikipiki ya kwanza: tufuate macho au tufuate miguu?

#1 Mwendopole
Wakuu, habari zenu. Nimehitimu mafunzo ya kuendesha pikipiki, leseni ninayo, na sasa natafuta pikipiki yangu ya kwanza. Kila mzoefu ninayemwendea huanza kwa kunionya kwamba nisichague kwa macho, kisha hunishauri ninunue ile ambayo macho yake yeye yanaipenda. Mwenye kupenda taa ya duara na tangi lenye umbo la tone huniambia kwamba hizi mpya zenye nyuso zilizochongoka zinafanana na panzi aliyekasirika. Mwenye kupenda zilizochongoka hunijibu kwamba taa ya duara ni maradhi ya watu wanaotamani ujana wa babu zao.

Mimi nadai hivi, na niko tayari kupingwa: sura ni kigezo halali cha kuchagua pikipiki ya kwanza, tena kigezo kizito, kwa sababu pikipiki usiyoipenda utaiacha imeegeshwa, na mwanafunzi asiyeendesha hajifunzi. Orodha yangu imebaki na tatu: Honda Rebel 500, Honda CB500F na Royal Enfield Classic 350. Miguu yangu ni mifupi. Naomba mnieleze mambo mawili: hizi ladha zetu zinatoka wapi, na mwanafunzi azisikilize kwa kiasi gani?

#2 Gia ya Tatu
Mleta mada, mbili kati ya hizo tatu ni pikipiki moja kwa ndani. Rebel 500 na CB500F zina injini ya silinda mbili sambamba yenye cc 471, na injini hiyohiyo imo ndani ya CBR500R yenye bodi ya mbio. Ile ya Rebel imerekebishwa ili nguvu yake ipatikane mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Fremu, kiti na usukani vikabadilishwa, na machoni pa watu ikawa pikipiki ya jamii nyingine kabisa. Yamaha nao wamefanya vivyo hivyo: MT-07 ya mwaka 2014 na XSR700 iliyofuata zinatumia injini ya aina moja ya cc 689, ila moja imevikwa uso wa roboti na nyingine imevikwa taa ya duara.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba ladha hupangwa mezani kwa watengenezaji. Injini moja ikivalishwa nguo tatu hupata wateja wa aina tatu, na kila mteja huondoka akiamini kwamba amechagua mwenyewe.

#3 Bi Klachi
Gia ya Tatu, umeeleza wanachotuuzia, hujaeleza kwa nini tunanunua. Mtengenezaji anaweza kuivalisha injini nguo yoyote aitakayo, lakini zipo nguo zilizokataliwa mchana kweupe. Ducati walipoiondoa familia ya 916 na kuileta 999 mwaka 2003, wakapanga taa moja juu ya nyingine na kuuacha ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu kwa upande mmoja, mashabiki walinuna kwa miaka. Ilipokuja 1098 mwaka 2007, taa zilikuwa zimerudi kukaa ubavu kwa ubavu na gurudumu la nyuma limeshikwa tena kwa upande mmoja. Kama ladha hupangwa mezani, meza ile ilishindwaje?

#4 Tangi Tupu
Naongezea kwa Bi Klachi. Hiyo 999 iliyonuniwa ilitwaa ubingwa wa dunia wa Superbike mwaka 2003, 2004 na 2006. Ilishinda uwanjani na ikashindwa dukani. Wanaosema kwamba watu hufuata utendaji wa chombo waanze kwa kutueleza hilo.

#5 Mzee wa Kabureta
Nawasalimu. Vijana mnazungumza kana kwamba umbo la pikipiki ni vazi tu. Zamani umbo lilikuwa ni matokeo ya kazi. Taa ilikuwa ya duara kwa sababu kioo cha kurudisha mwanga, kile cha mviringo ulioingia ndani kama bakuli, ndicho kilichokuwa rahisi kutengeneza na kilichotupa mwanga vizuri kutoka kwenye balbu moja. Mapezi ya silinda yalikuwepo kwa sababu injini ilipozwa na upepo. Honda CB750 ilipotoka mwaka 1969 na silinda nne zilizokaa kwa upana, ilikuwa na mabomba manne ya moshi, mawili kila upande, na mtoto aliyesimama kando ya barabara aliweza kuhesabu silinda kwa macho bila kuuliza mtu. Tangi lilikuwa tangi, na lilikaa pale juu ili mafuta yashuke yenyewe hadi kwenye kabureta.

Ladha, kwa maoni yangu, ni jicho linalofurahia kuelewa. Tunaipenda pikipiki inayoonyesha inavyofanya kazi, na tunahisi kuibiwa tunapoonyeshwa plastiki. Hata mbunifu Tamburini alipochora Ducati Monster ya mwaka 1993 alilielewa hilo, ndiyo maana akaiacha fremu na injini wazi. Mwanafunzi anunue pikipiki anayoweza kuisoma. Kwa hiyo Classic 350: silinda moja, inapozwa kwa hewa na oili, na kila kitu kinaonekana.

#6 Spana Kumi
Mzee wetu, shikamoo, lakini hapo kwenye Monster naomba kusahihisha. Aliyeichora ni Miguel Galluzzi. Massimo Tamburini ni wa 916, iliyotoka mwaka uliofuata. Na Monster haikuanzia kwenye falsafa peke yake: fremu yake ilitokana na ile ya Ducati za mbio za wakati huo, injini ikatoka kwenye 900 Supersport. Ilikuwa ni kuunganisha vitu vilivyokuwepo rafuni, na ikafanikiwa kuliko nyingi zilizochorwa upya kuanzia msumari wa kwanza.

Nyongeza: sehemu ya mtindo huu wa pikipiki tupu, zisizo na bodi, ilianzia kwenye ajali. Watu walianguka na pikipiki za mbio, wakaona bei ya bodi mpya, wakaivua iliyopasuka, wakafunga taa mbili za kawaida na usukani wa juu, wakaendelea na safari. Triumph walipoiweka Speed Triple taa mbili za duara zilizotokeza mbele mwaka 1997, walikuwa wanakiuza kiwandani kitu ambacho watu walikuwa wakikifanya kwenye mabanda yao. Kwa hiyo Gia ya Tatu, wakati mwingine meza ndiyo hufuata mtaa.

#7 Bi Klachi
Mzee wa Kabureta, heshima yako ipo palepale, ila hoja ya umbo linalosema kweli imenichekesha, kwa sababu pikipiki zinazopendwa na wapenda ukweli ndizo zinazodanganya zaidi. Triumph Bonneville ilipoachana na kabureta na kuhamia mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa umeme, vifaa vya mfumo huo mpya vilitengenezwa kwa umbo la kabureta ili mteja asihuzunike. Harley-Davidson Softail ya mwaka 1984 ilificha shokapu zake za nyuma chini, mlalo, ili pikipiki ionekane kama zile za kale zisizo na shokapu za nyuma kabisa. Mtu analipia shokapu, kisha analipia pia kazi ya kuzificha.

Na hilo tangi unalosema ni tangi: katika nyingi za sasa unalolishika ni ganda la plastiki, chini yake kuna kisanduku cha hewa, na mafuta yamekaa nyuma zaidi. Nilinunua mkoba wa sumaku wa kuweka juu ya tangi, nikaufikisha nyumbani, nikauweka, ukateleza hadi chini. Sumaku na plastiki hawajuani. Ndivyo nilivyojifunza pikipiki yangu imeundwaje, na bado naiona nzuri.

#8 Mzee wa Kabureta
Marahaba, Spana Kumi. Galluzzi amepokewa. Bi Klachi, mkoba wa kamba upo.

#9 Kioo cha Kushoto
Tumrudie mleta mada, kwa kuwa yeye ndiye atakayepanda. Alisema miguu yake ni mifupi, na hapo tarakimu zina maneno: kiti cha Rebel 500 kiko milimita 690 kutoka chini, cha CB500F kiko 785, na cha Classic 350 kiko 805. Tofauti kati ya cha kwanza na cha mwisho inazidi sentimita kumi na moja, nayo ni tofauti ya kukanyaga kwa nyayo nzima au kwa vidole. Hata hivyo tarakimu hizo hazitoshi. Kiti kipana huisukuma miguu nje na kukuibia urefu, na kiti chembamba kwa mbele hukurudishia. Ndiyo maana wapo wafupi wanaomudu kiti cha 785 na kushindwa na kilicho chini zaidi lakini kipana.

Kisha kuna uzito. Classic 350 ina kilo 195 na nguvu ya farasi takriban 20. CB500F ina uzito unaokaribiana na huo na nguvu zaidi ya mara mbili. Watu husema "cc 350 ni ndogo kwa hiyo ni ya mwanafunzi," lakini unapoisukuma kwa miguu kuitoa penye kokoto, injini imezimwa, cc hazikusaidii. Kilo ndizo unazozisukuma.

Kuhusu ladha, maelezo yangu ni tofauti na yenu wote. Ninaamini tunaipenda pikipiki ambayo mwili wetu unajiona umekaa juu yake. Usukani, kiti na vikanyagio hufanya pembetatu, na pembetatu hiyo ndiyo huamua kama umelala mbele, umeketi wima au umeegemea nyuma huku miguu imetangulia. Mtu anayejiona mtu wa haraka huvutwa na pembetatu ya kulala mbele kabla hajajua jina la pikipiki. Taa na rangi hufuata baadaye.

#10 Mwendopole
Nashukuruni. Kioo cha Kushoto, nimeikalia Rebel na nimeikalia CB500F. Kwenye Rebel nyayo zote mbili zinalala chini na magoti yanakunjika. Kwenye CB500F nakanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, ila nikiusogeza mwili upande mmoja mguu mmoja unakaa vizuri. Tatizo ni kwamba niliposhuka na kugeuka, jicho lilirudi kwenye CB500F. Rebel nzuri, lakini sikugeuka mara ya pili.

#11 Tangi Tupu
Aliyegeuka mara ya pili ameshachagua. Uzi ufungwe.

#12 Spana Kumi
Uzi hauwezi kufungwa kabla hatujazungumzia kuanguka, kwa sababu mwanafunzi ataangusha pikipiki, na mara nyingi ataiangusha ikiwa imesimama. Anageuza mahali pembamba, anatazama chini kwenye gurudumu la mbele, anakamata breki ya mbele usukani ukiwa umekunjwa, na kilo zote zinalala upande huo. Hakuna kasi, hakuna jeraha, lakini vitu vinavunjika kwa mpangilio ninaoweza kuukariri: ncha ya mkono wa klachi au wa breki, kioo cha pembeni, indiketa, ncha ya kikanyagio, kisha kifuniko cha injini kinakwaruzika. Kwenye pikipiki tupu orodha inaishia hapo. Kwenye pikipiki yenye bodi kamili ya mbio, kipande kimoja cha plastiki hupasuka pale kwenye tundu la skrubu, na kipande hicho kimoja kinaweza kugharimu kuliko vile vyote nilivyotaja vikijumlishwa.

Kwa hiyo sura inamhusu mwanafunzi, lakini aitazame kama fundi: ni sehemu gani ya uzuri huu itafika chini kwanza, na inauzwa peke yake au ni lazima ununue upande mzima? Vyuma vya kukinga injini si vya kupendeza, najua, nao huondolewa kwa spana mbili siku utakapokuwa umeshazoea.

Jambo jingine lisilotajwa ni magurudumu. Classic nyingi zina rimu za spoku, na rimu za spoku za kawaida zinataka tyubu ndani ya tairi. Msumari ukiingia kwenye tyubu, upepo hutoka haraka, na kuziba kunahitaji kulitoa gurudumu. Tairi isiyo na tyubu kwenye rimu ya kumiminwa mara nyingi huvuja polepole, nawe unaweza kuiziba kwa nje na kuendelea. Spoku zinapendeza sana kwenye picha.

#13 Mlima Mrefu
Ninashangaa mnajadili tatu hizo pekee. Mwanafunzi aangalie pikipiki za safari ndefu, zile zenye mdomo mbele chini ya taa. Unakaa wima, unaona juu ya magari, shokapu zina mwendo mrefu, na mashimo hayakusumbui. BMW walioanzisha mtindo huo wa mdomo wamethibitisha kwamba jicho huzoea chochote kikifanya kazi vizuri.

#14 Gia ya Tatu
BMW waliianzisha jamii yenyewe kwa R80 G/S ya mwaka 1980, hilo nakubali. Mdomo ni suala jingine: Suzuki DR Big ilikuwa nao mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla ya GS hizi za BMW zinazojulikana kwa mdomo. Na sehemu kubwa ya midomo ya leo haizuii tope hata chembe, kwa kuwa kilinda tope halisi kipo palepale juu ya tairi. Ni nguo tu, Mlima Mrefu, karibu kwenye hoja yangu ya mwanzo.

#15 Kioo cha Kushoto
Mlima Mrefu, mleta mada amesema miguu yake ni mifupi, nawe unampandisha mlima. Viti vya jamii hiyo vingi vinavuka milimita 820, na uzito wao unakaa juu. Pikipiki ikianza kuinama kidogo tu na mguu haujafika chini, haizuiliki.

#16 Kofia Nyeupe
Nimesoma kuanzia juu na sijaona mtu aliyegusa jambo la kuonekana. Mwaka 1981 ilichapishwa taarifa ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, iliyochunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki. Katika ajali zilizohusisha chombo kingine, karibu theluthi mbili zilitokana na dereva wa chombo hicho kuingilia njia ya mwenye pikipiki, na kauli ya kawaida ya madereva hao ilikuwa kwamba hawakumwona. Sasa mwanafunzi anachagua pikipiki nyeusi isiyong'aa, koti jeusi, kofia nyeusi, glovu nyeusi, kwa sababu ndiyo ladha ya wakati huu. Ladha hii ni ya hatari na ningependa watengenezaji wailaumu wazi badala ya kuishabikia.

#17 Tangi Tupu
Kofia Nyeupe, mwenye pikipiki nyeusi isiyong'aa ndiye mimi, na nimesoma ujumbe wako nikiwa nimevaa glovu zenye rangi uliyoitaja.

Nakuletea takwimu nyingine. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, ulilinganisha waendeshaji walioumia na wasioumia. Waliovaa mavazi ya kung'aa au ya kurudisha mwanga walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 37, na waliovaa kofia nyeupe walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi. Hapo umeshinda. Lakini utafiti huohuo haukuona uhusiano wowote kati ya hatari na rangi ya pikipiki yenyewe kwa upande wa mbele. Mwanafunzi achague rangi ya tangi anayoitaka, kisha akavae kofia ya jina lako.

#18 Kofia Nyeupe
Nakubaliana na nusu ya mwisho. Glovu zako bado zinaniudhi.

#19 Bi Klachi
Nirudi kwenye ladha, kwa sababu maelezo ya kwamba taa ya duara ni huzuni ya wazee hayanitoshi. Bonneville ya kwanza ilitoka mwaka 1959. Mimi sikuwahi kumwona mtu wa familia yangu juu yake, wala juu ya pikipiki yoyote ya enzi hiyo, na bado pikipiki ya kwanza niliyoitamani ilikuwa na taa ya duara. Siwezi kutamani kurudi mahali ambapo sikuwahi kufika. Ninadhani kuna sababu nyepesi zaidi: umbo lile lina mistari michache. Ukisimama ubavuni unaona mstari mmoja mlalo unaotoka chini ya tangi hadi mwisho wa kiti, magurudumu mawili, na injini katikati. Jicho la mtu asiyejua pikipiki linaweza kuukumbuka mchoro huo na kuuchora kwenye karatasi. Mwambie huyohuyo akuchoree pikipiki ya mwaka huu yenye pembe thelathini. Ataanza na taa na kuishia hapo.

#20 Gia ya Tatu
Basi eleza kwa nini Suzuki Katana, iliyoonyeshwa Cologne mwaka 1980 na haikuwa na mstari hata mmoja wa kizamani, inapendwa hadi leo kiasi kwamba jina na sura yake vilirudishwa kiwandani. Ilichongoka kuliko zote za wakati wake. Wapo walioidharau siku ile, na sasa inawekwa kwenye maonyesho.

#21 Bi Klachi
Inapendwa kwa sababu nayo inachorwa kwa mistari michache. Kuchongoka si tatizo, Gia ya Tatu, fujo ndiyo tatizo.

#22 Mzee wa Kabureta
Hamjataja sauti, na sauti ni nusu ya sura. Bonneville ya kale ilikuwa na krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya nyuzi 360, pistoni zote mbili zikipanda pamoja na mapigo yakiachana kwa usawa. Bonneville za sasa zina nyuzi 270, mapigo hayaachani kwa usawa, na sauti inakaribia ile ya injini ya V, yenye silinda zilizopangwa kama herufi hiyo. MT-07 mliyoitaja mwanzoni nayo ni ya nyuzi 270. Kwa hiyo kijana anaponiambia kwamba amenunua Bonneville mpya kwa ajili ya sauti ya asili, mimi hunyamaza. CB500F na Rebel zina nyuzi 180, nazo zina mlio wake, wa kikazi, usio na mbwembwe. Mleta mada aisikilize ikiwa baridi na ikiwa imepata moto, kwa sababu atakuwa nayo masikioni kuliko atakavyokuwa nayo machoni. Ukishaipanda, taa ya mbele huioni tena.

#23 Mlima Mrefu
Hilo la mwisho ni kweli tupu. Anayekaa juu anaona mita na vioo tu. Sura ya pikipiki ni zawadi kwa watu wengine.

#24 Kioo cha Kushoto
Na kwake mwenyewe anapoiegesha na kugeuka, kama mleta mada alivyofanya.

#25 Mwendopole
Wakuu, mmenisaidia na mmenichanganya kwa wakati mmoja. Classic nimeiweka kando kwa ajili ya urefu wa kiti na uzito, ingawa Mzee wa Kabureta atanung'unika. Nimepata CB500F iliyotumika, mwenye nayo anasema haijawahi kuanguka. Nitazame nini kabla ya kuzungumza bei? Spana Kumi, naomba uniongoze.

#26 Spana Kumi
Usianze na rangi, anza na ncha. Tazama ncha ya mkono wa klachi na wa breki: ile duara ndogo mwishoni ikiwa imesagika upande mmoja, pikipiki imelala upande huo. Mkono mpya upande mmoja na mkuukuu upande wa pili ni jibu pia. Kisha inama utazame chini ya ncha za vikanyagio na pembe za kifuniko cha injini.

Shuka kwenye shokapu za mbele. Bonyeza breki ya mbele, ikandamize pikipiki mara kadhaa, halafu pitisha kidole kwenye bomba linalong'aa. Kikitoka na duara la oili, sili zimechoka. Cheni ivute kwa nyuma ya sproketi kubwa: ikiachana na meno hadi ukaona mwanga, imekwisha, na meno yaliyopinda upande mmoja yanasema hivyohivyo. Zungusha gurudumu polepole uone kama cheni inakaza mahali fulani na kulegea pengine. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kina kizuri lakini ya miaka mingi imekuwa ngumu, na kwenye barabara iliyolowa haishiki.

Fungua kifuniko cha tangi, mulika ndani kwa simu, utafute kutu. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kuikuta injini ikiwa baridi, kisha ukifika uishike kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna mtu aliyeiwasha kabla hujaja, na unaweza kumuuliza kwa nini. Hakikisha taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapokamata breki, inawaka ufunguo ukifunguliwa na kuzimika ukianza kutembea. Ikiwa haiwaki kabisa hata mwanzo, mtu anaweza kuwa ameiondoa balbu kusudi.

#27 Tangi Tupu
Spana Kumi, na taa yenyewe ya mbele aitazameje, ya duara au iliyochongoka?

#28 Spana Kumi
Aitazame kama inawaka.

#29 Mzee wa Kabureta
Sijanung'unika, Mwendopole, ila nakuomba uikalie Classic kabla hujaiondoa, kwa sababu umeiondoa kwa tarakimu za Kioo cha Kushoto bila kuigusa. Yeye mwenyewe ameandika katika #9 kwamba kiti chembamba kwa mbele hurudisha urefu.

#30 Kioo cha Kushoto
Niliandika hivyo, na bado kilo 195 ziko palepale, na CB500F haina unafuu wa maana katika hilo, kwa hiyo nakubali kwamba uzito peke yake haukutosha kuiondoa. Kilichobaki kuitofautisha ni sentimita mbili za kiti na nguvu ya injini. Mwendopole, kaikalie siku ileile unayokwenda kuikagua hiyo CB500F, ukiwa umevaa buti utakazoendeshea, kwa sababu soli ya buti inaweza kukuongezea hizo sentimita mbili.

#31 Mwendopole
Buti bado sijanunua. Kuna mwenye kujua kama zipo za rangi ambayo Kofia Nyeupe ataikubali?